Tulivyouhamisha mwasumini wa mama

Kaka yangu alikuwa anaoa, na nyumba yetu ya Fuoni haikuwa na chumba cha ziada. Fundi akaja na kamba zake, akapima upande wa jikoni, akapiga vigingi, na kigingi cha pembe ya msingi kikaangukia katikati ya mwasumini wa mama. Sijapata kumwona mama akibishana na fundi kuhusu saruji, nondo wala matofali. Siku hiyo alibishana.

"Bi mkubwa, tuukate tu, utapanda mwengine," fundi alimwambia.

Na kwa kweli hakusema upuuzi. Mwasumini huu wa majumbani huzaa mbegu kwa nadra sana. Karibu kila shina unaloliona Unguja ni kijiti kilichokatwa kwenye shina jingine, nalo lilitokana na jingine, ukirudi nyuma kwa namna hiyo hadi Asia ya Kusini ulikoanzia mmea wenyewe. Kukata kijiti na kuanza upya ndiyo njia iliyoufikisha kwetu, na ndiyo iliyoufikisha hata Ufilipino, ambako wameufanya ua la taifa tangu 1934. Kijiti kinashika mizizi ndani ya mwezi hivi. Lakini kichaka kinachotoa bakuli zima la vitumba jioni moja hakipatikani kwa mwezi, na mama anafunga vikuba.

Kwa asiyeijua kazi hiyo: asumini huchumwa alasiri, kitumba kikiwa kimejaa na kimegeuka cheupe lakini bado kimefumba. Magharibi inapoingia huanza kufunguka chenyewe, popote kilipo, na harufu yake kali ni ya usiku. Ukisubiri hadi asubuhi umeshachelewa. Vitumba hivyo ndivyo vinavyofungwa pamoja na rehani, na mkadi, ua jingine la kunukia, ukipatikana, vikawa kikuba cha kuvaa au cha kuweka chini ya mto. Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ukiingia harusi zinafuatana, na mama hawezi kuwaambia watu wake wasubiri kijiti kikue.

Mimi ndiye niliyesema usikatwe, uhamishwe. Nilikuwa nimefanya kazi ya bustani kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki, na huko kuhamisha vichaka ilikuwa kazi ya kawaida, kwa sababu wenye hoteli hawaishi kubadilisha mawazo. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba vichaka havifanani tabia. Hibiskasi husamehe mengi. Bogenvilia ni jeuri juu na dhaifu chini: mizizi yake hukatika kwa urahisi, donge la udongo linamomonyoka mikononi, na kichaka kizima kinanyauka huku miba yake bado inakuchoma. Mwasumini uko katikati. Ukiutendea haki unahama, ila haki yenyewe inaanza wiki nyingi kabla ya mtu kuchimba.

Nilimwomba fundi aanze na upande wa pili wa msingi, aniachie huu hadi masika. Ilikuwa katikati ya Februari, kaskazi inavuma, jua halina huruma. Kuung'oa mmea wakati huo ni kuutupa. Masika huanza mwishoni mwa Machi na kukolea Aprili, kwa hiyo nilikuwa na kama mwezi na nusu, na ndio muda hasa niliouhitaji.

Mizizi minene kazi yake kubwa ni kuushikilia mmea na kusafirisha maji. Inayoyanyonya maji ni ile myembamba, yenye vinyweleo, iliyoko kwenye ncha, na ncha ziko mbali na shina. Mtu akichimba kwa pupa anatoka na mizizi minene ndani ya donge zuri la udongo, anafurahi, kumbe yenye kunywa imebaki ardhini. Ndiyo maana vichaka vingi hufa vikiwa vimepandwa kwenye shimo zuri na kumwagiliwa maji tele.

Basi nilichora duara kulizunguka shina, kama sentimita 30 kutoka katikati, nikaligawa mapande manne. Nikalinoa koleo kwa tupa mpaka likawa na makali ya kukata, kisha nikalizamisha wima kwenye mapande mawili yanayotazamana, hadi bapa lote likaingia. Sikuchimbua kitu. Nilikata tu, nikakanyagia udongo ukarudi, nikamwagia maji. Wiki kama tatu baadaye nikakata mapande mawili yaliyobaki. Mzizi ukikatwa huchipua mizizi midogo karibu na kidonda, na sasa hiyo midogo itakuwa ndani ya duara, humo humo kwenye donge nitakalolibeba.

Ami yangu, ambaye shamba lake la Kizimbani limeshaona kila aina ya mmea, alinikuta katika kazi hiyo.

"Unautesa bure, mwanangu. Mti unahamishwa mara moja, si kidogo kidogo."

"Ami, natayarisha."

"Haya. Tutaona."

Hata hivyo, akafunga kitambaa chekundu kwenye tawi la upande wa kibla. Alisema mti ukihamishwa lazima uso wake utazame kule kule ulikozoea. Sina ushahidi kwamba jambo hilo linausaidia mwasumini, lakini kitambaa hakigharimu kitu, na kilimfanya ami awe sehemu ya shughuli. Siku ya kubeba nilimhitaji.

Kuchagua mahali papya kulinichukua fikra zaidi kuliko kuchimba. Mama alitaka chini ya mwembe, kwa sababu kuna kibaridi cha kukaa. Nikamkatalia: mwasumini chini ya kivuli unarefuka, unatambaa, majani yanameta vizuri sana, na maua huyaoni. Unataka jua la nusu siku au zaidi. Mahali pa pili palikuwa kando ya ukuta wa ua. Jua lilikuwepo, nafasi ilikuwepo, kila mtu aliridhika. Nikachimba shimo la kujaribia, na futi moja chini nikakuta kifusi: vipande vya lipu, chokaa, matofali yaliyovunjika, vyote vilifukiwa ukuta ulipojengwa.

Hapo nikaacha. Mtu aliyepanda asumini karibu na kifusi anaijua dalili yake, hata kama haijui sababu: jani changa linageuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mwenyewe anadhani mmea una kiu, anazidisha maji. Chokaa na saruji huufanya udongo uwe wa magadi, na katika udongo wa namna hiyo madini ya chuma yapo lakini mmea hauwezi kuyachukua. Maji hayatibu hilo. Ukitaka kuitoa chokaa, lazima uutoe udongo wote, na mizizi haitaishia kwenye shimo ulilolisafisha. Kwa hiyo viwanja hivi vyetu vya Fuoni, ambavyo vimejengwa na kubomolewa na kujengwa tena, ni vya kuchimbwa kabla ya kuaminiwa.

Mahali pa tatu palikuwa mbele, mkono wa kulia wa baraza, penye jua tangu asubuhi hadi karibu na alasiri. Udongo wa kichanga uliochanganyika na mweusi kidogo, hauna jiwe. Nilijaza shimo maji jioni, na kabla sijalala yalikuwa yamekwenda yote. Yangelala hadi alfajiri ningetafuta pengine, maana mizizi iliyojeruhiwa ikikaa kwenye maji inaoza. Hapa tulibahatika. Ingekuwa Makunduchi au Paje, kwenye maweni, ambako udongo umejikusanya kwenye vishimo vya mawe, huwezi hata kukata duara. Koleo linagonga mwamba na mchezo umekwisha.

Kupogoa ndiko kulikoleta ugomvi wa pili. Mwasumini ulikuwa umenipita kimo, na nilitaka kuondoa karibu nusu yake. Hesabu yake haina ubishi: mmea umepoteza mizizi mingi, majani yanaendelea kupoteza maji kila jua linapowaka, na kinachopotea juu hakiwezi tena kulipwa na kilichobaki chini. Ukiacha majani yote kwa huruma, mmea utayakausha wenyewe, pamoja na matawi yake. Isitoshe, mwasumini hutoa maua kwenye machipukizi mapya. Aliyeupogoa ameahirisha maua, hajayafuta.

Mama aliisikiliza hesabu hiyo yote, akaniuliza, "Mpaka hapa?" huku ameshika tawi lililojaa vitumba. Nikamwambia mpaka hapo. Akavichuma kwanza vyote, kimoja kimoja, akaniachia mkasi, akaingia ndani.

Ndani ya kichaka mlikuwa na kiota cha maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani. Sikujua mpaka waliponipanda mikononi. Ukipogoa mwasumini mkubwa upande wa bara au visiwani, tikisa kwanza kwa fimbo ndefu, kisha usimame kando uone nani anatoka.

Yale matawi niliyoyakata sikuyatupa. Nilichagua yaliyokomaa nusu, si laini ya kijani wala magumu ya kahawia, nikayakata vipande vya urefu wa kiganja, kila kimoja kikiwa na vifundo vitatu au vinne. Majani ya chini nikayaondoa, nikavichomeka kwenye makopo yenye mchanga na mboji kidogo, nikavifunika kwa chupa za plastiki zilizokatwa kitako, nikaviweka kivulini. Hiyo ilikuwa akiba. Ukihamisha kitu ambacho nyumba nzima inakitazama, usikihamishe bila akiba.

Siku yenyewe tuliichagua kwa kutazama mawingu. Mvua mbili tatu zilikuwa zimeshanyesha, na usiku uliotangulia nilimwagia maji ya kutosha, kwa sababu udongo mkavu unasambaratika na uliolowa chepechepe unateleza. Unataka ule unaoufinya ukashikana. Tukaanza baada ya sala ya alasiri, jua likiwa limefichika.

Nilichimba mtaro nje ya duara la mwanzo, kwa upana wa vidole vinne hivi. Hili watu hulisahau. Wakishakata mizizi mapema, siku ya kung'oa wanarudi kukata pale pale, na kuitupa mizizi yote mipya waliyoingoja. Nilipofika usawa wa vidonda vya zamani niliweka koleo chini nikatumia mkono. Ncha ya kila mzizi uliokatwa ilikuwa imevimba kidogo, na kwenye uvimbe huo umetoka mshungi wa nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko uzi wa kushonea, zimeushika udongo kiasi kwamba ukiuvuta unakuja nazo. Nikamwita ami aone. Alichutama, akatazama kwa muda, akasema, "Mashaallah," kisha akaenda kuchukua mtaimbo.

Hata donge la upana wa sentimita 60 tu na kina cha 30, ukilichonga chini likaviringana, linakaribia kilo 100. Ndiyo sababu ya kuelewana mapema na watakaobeba. Tuliuinamisha mmea upande mmoja kwa mtaimbo, tukasokomeza gunia lililokunjwa nusu, tukauinamisha upande wa pili, tukalikunjua gunia likatokea. Mzizi mmoja mnene ulikuwa umeteremka wima katikati. Kaka alinyanyua panga. Nikamzuia, nikatumia msumeno, maana panga linapasua na kutikisa donge zima, na msumeno unaacha kidonda safi. Gunia likafungwa kwa kamba kuzunguka donge, tukalivutia juu ya turubai, na turubai likaburutwa hadi mbele ya nyumba. Kaka mara mbili alitaka kulisaidia kwa kushika shina. Kila mara ami alimpiga kofi la mkono kabla mimi sijafungua kinywa. Shina si mpini: ukilinyanyulia, uzito wote wa udongo unaning'inia kwenye mizizi, na ile midogo inakatika ndani ambako huioni.

Shimo jipya lilikuwa na upana wa mara mbili ya donge, lakini kina chake sikukizidisha hata kidogo. Nililaza mpini wa jembe juu ya shimo, na usawa wa udongo wa shinani ukagusana na mpini. Shina likifukiwa zaidi ya lilivyozoea, gome linaoza polepole, na unaligundua wakati dawa haipo. Kitambaa cha ami kikageuzwa kibla. Tukakata kamba, tukateremsha gunia kando ya donge, tukalitoa lote. Nilirudishia udongo ule ule uliotoka shimoni, nusu ya kwanza, kisha maji ndoo nzima ili yajaze nyufa, kisha nusu ya pili. Samadi sikutia ndani. Juu niliweka mboji kiasi na tabaka la majani makavu, yasiguse shina. Makumbi ya nazi yangefaa kwa kuhifadhi unyevu, lakini kwetu makumbi yanaita mchwa, na mchwa akishalijua shina hatoki. Upande wa magharibi nikasimamisha makuti mawili kwenye vigingi vya fundi, avumilie.

Wiki iliyofuata majani yalilegea. Iliyofuatia yakawa manjano, yakaanza kudondoka, na mama akawa anayafagia asubuhi bila kunisalimia vizuri. Jirani alileta mkono wa mbolea ya chumvichumvi, mwengine samadi ya kuku iliyotoka bandani siku hiyo. Walikuja kwa wema, nikavipokea vyote viwili, nikavificha. Chumvi ya mbolea huvuta maji kutoka kwenye mizizi badala ya kuyaingiza, na samadi mbichi inaunguza. Mmea uliotoka kukatwa hauna njaa. Shida yake ni kwamba hauna bado kinywa cha kulia, na kuupa chakula ni kuupa mzigo.

Maji pia nilibishana nayo. Masika yalikuwa yananyesha, na bado kila aliyepita na kopo alitaka kumwagia, kwa kuwa jani lililolegea linafanana na kiu. Nilikuwa naingiza kidole kwenye udongo hadi kifundo cha pili. Kikitoka na udongo ulioshika, siku hiyo maji hakuna. Nadhani katika mwezi mzima wa Aprili tulimwagilia kwa nadra kuliko tulivyozuiana kumwagilia.

"Umeniulia asumini yangu," mama alisema hatimaye, jani la mwisho la tawi la juu lilipodondoka.

Nilimpeleka, nikakwaruza gome la tawi hilo kwa ukucha. Chini yake palikuwa kijani kibichi chenye maji. Nikakwaruza kijitawi cha pembeni: kahawia, kikavu, kikakatika kwa mlio. Hicho kimekufa, nikakikata. Nikamwachia aendelee mwenyewe. Akazunguka kichaka chote, ukucha wake mrefu wenye hina ukifanya kazi kuliko wangu, akakuta matawi matatu tu ya kukata. Kuanzia hapo hakunilaumu tena. Ila kila siku alikuwa na tawi jipya la kulikwaruza, mpaka ikabidi nimwombe asiumalize mti kwa kuukagua.

Machipukizi yalitokea mwezi wa Mei, si kwenye ncha bali chini, kwenye mti mkavu unaodhani hauna kitu: vichomozo vya kijani chenye wekundu, viwili viwili kila kifundo. Kipupwe kilipoingia kichaka kilikuwa na majani tena, kidogo kuliko zamani, kimejaa chini na kizito. Makuti nikayaondoa wakati huo, moja kwanza, la pili baadaye.

Vitumba vya mwanzo vilipoonekana nilitaka kuviondoa. Mmea uliohama ukiachwa uchanue kwa uhuru unatumia nguvu ambayo mizizi bado inaihitaji. Nilijiandaa kwa ugomvi wa tatu. Mama alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili. "Kwani mimi nafanya nini kila siku? Si nachuma?" Alikuwa sahihi kabisa. Kwake asumini haiachwi ichanue mtini, na kwa hiyo mwasumini wake ulipata matunzo niliyoyataka bila mimi kusema neno. Bakuli la kwanza halikufika nusu. Kaka alikuwa ameshaoa. Harusi yake ilitumia asumini za kununua, na mama analikumbusha jambo hilo mbele ya watu.

Vile vijiti vya kwenye makopo vilishika zaidi ya nusu. Kimoja kikaenda kwa ami Kizimbani, kingine kwa fundi, ambaye alikiomba mwenyewe, kwa mkewe. Viwili vilivyobaki viko kando ya chumba kipya, kwenye ndoo, sio ardhini, kwa sababu ya ile saruji.

Tangu hapo watu wa mtaani wameniamini kupita kiasi. Jirani wa nyuma anataka nimhamishie mlangilangi, ambao umeshapita bati la nyumba. Nimemwambia siwezi: mlangilangi unateremsha mzizi mkuu mrefu moja kwa moja chini, haupendi kuguswa, na kwa umri ule hakuna gunia wala turubai litakaloubeba. Akusanye mbegu, apande mche, ausubiri. Hajaridhika. Juzi alirudi kuuliza kama akilete kile kitambaa chekundu.